MAELEZO KUHUSU FOMU YA VIZA YA UHAMIAJI: MASWALI YANAYOWATATIZA WAOMBAJI WA IFAKARA NA BONDE LA KILOMBERO

Mwananchi anayeomba viza ya kuhamia Marekani, ama kwa kuombewa na mwanawe, mume, mke au ndugu aliyeko huko, ama kwa njia ya bahati nasibu ya viza, hutakiwa kujaza fomu iitwayo DS-260. Tangu Septemba 2013 fomu hiyo hujazwa kwa kompyuta, na majibu yake huandikwa kwa Kiingereza. Kwa mkazi wa Ifakara, Mang'ula, Mlimba, Lupiro au Malinyi, maana yake ni kwamba mara nyingi mwenye shauri siye mwandishi. Maswali husomwa na kijana wa steshenari, au na mtoto aliyesoma, au na mtumishi wa Serikali aliyeombwa msaada baada ya saa za kazi. Maelezo haya yametayarishwa kwa ajili ya wote hao, mwombaji na msaidizi wake.

Kabla ya yote, wananchi wanaarifiwa hali ilivyo. Kwa tangazo la Rais wa Marekani la Desemba 2025, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2026, raia wa Tanzania waliwekewa vizuizi vya kuingia nchini humo wakiwa wahamiaji. Katika mwezi huo huo wa Januari 2026 Serikali ya nchi hiyo ilitangaza pia kusimamisha utoaji wa viza za uhamiaji kwa raia wa nchi 75, Tanzania ikiwa miongoni mwao. Amri za namna hii huweza kulegezwa, kukazwa au kuondolewa. Kwa hiyo mwombaji anashauriwa kuuliza ubalozi kwanza kabla hajalipa ada yoyote. Lakini jambo moja halibadiliki: majibu yaliyokwisha kupelekwa hubaki katika kumbukumbu, na mlango utakapofunguliwa, hayo ndiyo yatakayosomwa.

KANUNI YA KWANZA: "NDIYO" SI KOSA

Waombaji wengi huingiwa na hofu wanapofikia maswali ya jeshi, silaha, vyama na polisi. Wengine hushauriwa kujibu "Hapana" katika maswali yote, kwa kudhani kuwa kila "Ndiyo" ni sababu ya kunyimwa viza. Ushauri huo umepotoka. Maswali mengi kati ya hayo hukusanya habari tu, na mtu aliyejibu "Ndiyo" hupewa nafasi ya kueleza. Kinachofunga njia ni uongo. Kwa sheria ya uhamiaji ya Marekani, mtu aliyesema uongo kwa makusudi juu ya jambo lenye uzito ili apate viza huweza kuzuiwa kuingia nchini humo maisha yake yote, na misamaha iliyopo ni michache na yenye masharti magumu.

Hivyo basi, mbele ya kila swali mwombaji ajiulize mambo mawili. Kwanza, swali hili linataka kujua nini? Pili, hati zangu zinasema nini? Maswali yanayotatiza hutatiza kwa sababu yameandikwa kwa maneno ya sheria ya nchi nyingine, nasi huyasoma kwa maana tuliyoizoea nyumbani. Yafuatayo ni yale ambayo tofauti hiyo ni kubwa zaidi.

MAJINA

Fomu hutenganisha jina la ukoo na majina mengine. Wengi wetu hatuna jina la ukoo kwa maana hiyo. Tuna jina letu, jina la baba na jina la babu. Mwombaji asijitungie utaratibu wake. Afuate pasipoti: jina lililoandikwa humo kuwa ni la ukoo liandikwe hivyo hivyo kwenye fomu, na yaliyobaki yaandikwe kwa mpangilio ule ule na kwa herufi zile zile.

Hufuata swali la majina mengine aliyopata kutumia mwombaji. Hapa ndipo mahali pa jina la ubatizo lisilokuwamo katika pasipoti, jina la shuleni lililoko kwenye cheti cha darasa la saba, jina la mume, au jina lililoandikwa kwa herufi tofauti katika cheti cha zamani. Kutaja majina hayo hakumfanyi mtu aonekane mdanganyifu. Kinyume chake, kunamwezesha ofisa wa konseli kuelewa kwa nini vyeti vinatofautiana. Lipo pia swali la jina katika herufi za lugha ya kwao mwombaji. Kiswahili huandikwa kwa herufi hizi hizi za Kirumi, kwa hiyo jina lile lile hurudiwa.

MAHALI PA KUZALIWA

Swali hili huonekana rahisi, lakini kwa Bonde la Kilombero si rahisi hata kidogo. Mzee aliyezaliwa Ifakara zamani alizaliwa katika Wilaya ya Ulanga. Wilaya hiyo iligawanywa baada ya Uhuru, ikapatikana Wilaya ya Kilombero. Tangu hapo Ifakara imepata Halmashauri yake ya Mji, halmashauri ya Kilombero imepewa jina la Mlimba, na Malinyi imetengwa na Ulanga kuwa wilaya kamili. Aidha, wakati wa Operesheni Vijiji katika miaka ya 1970 watu wengi walihamishwa, na baadhi ya vitongoji walimozaliwa havipo tena. Hivyo mtu mmoja aweza kuwa na cheti cha kuzaliwa kinachotaja Ulanga, kitambulisho cha Taifa kinachotaja Kilombero, na barua ya mtendaji inayotaja Mlimba, na zote tatu zikawa kweli.

Mwombaji afuate cheti cha kuzaliwa. Kama wilaya imebadilika jina tangu cheti kilipotolewa, aandike kama cheti kilivyo na awe tayari kueleza mabadiliko hayo siku ya mahojiano. Kwa upande wa nchi, hutumika jina la sasa. Aliyezaliwa Ifakara mwaka 1955 huandika Tanzania, ingawa wakati ule nchi iliitwa Tanganyika.

Asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa asibuni mpya kwa ajili ya fomu. Tarehe iliyoko katika cheti na pasipoti ndiyo itumike. Aliyepoteza cheti kwa moto au kwa mafuriko, maafa yasiyo mageni katika bonde letu, aombe nakala kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, kabla hajaanza kujaza fomu.

WAZAZI NA WATOTO

Kwetu baba mdogo ni baba, na mama mkubwa ni mama. Mtoto wa ndugu aliyelelewa nyumbani ni mtoto wa nyumba, wala hakuna amwitaye vinginevyo. Fomu haina desturi hiyo. Panapoulizwa baba na mama, wanatakiwa wazazi waliomzaa mwombaji, hata kama wamefariki dunia, na hata kama aliyemlipia ada ya shule alikuwa baba mdogo ambaye jina lake ndilo lililoandikwa katika vyeti vya shule. Tofauti hiyo ielezwe waziwazi, wala isifichwe kwa kumgeuza baba mdogo kuwa mzazi.

Panapoulizwa watoto, wanatakiwa watoto wote: waliozaliwa ndani ya ndoa na nje ya ndoa, wanaoishi na mwombaji na wanaoishi kwa mama yao, watu wazima na wachanga, pamoja na watoto wa kambo na walioasiliwa kisheria. Mtoto wa ndugu anayelelewa tu, bila amri ya mahakama ya kumwasili, haandikwi kuwa mtoto wa mwombaji. Kumwandika ni kosa, japo moyo ni mwema. Na kumwacha mtoto wa kuzaa kwa sababu hatasafiri, au kwa kuona haya mbele ya mke, ni kosa kubwa zaidi. Katika bahati nasibu ya viza, mshindi aliyemwacha mke, mume au mtoto aliyepaswa kuandikwa huweza kupoteza haki yake pamoja na familia nzima. Mtoto aliyeachwa naye huweza kupata shida atakapoombewa miaka ya baadaye, kwa kuwa baba yake alikwisha kuiambia Serikali ya Marekani kwamba hayupo.

NDOA

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, hutambua ndoa za dini, za kiserikali na za kimila, na huruhusu ndoa ya mke zaidi ya mmoja. Sheria hiyo pia ina kifungu kinachowahusu mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi na kujulikana kwa watu kuwa mke na mume. Kwa hiyo aliyefunga ndoa ya kimila asiandike kuwa hajaoa kwa sababu tu hana cheti. Akamilishe kwanza usajili wa ndoa yake, kisha ajibu kulingana na hali halisi.

Kuhusu talaka, waliotengana kwa miaka kumi bila kufika mahakamani bado ni mke na mume mbele ya sheria ya Tanzania Bara, kwa kuwa talaka inayovunja ndoa ni ile iliyotolewa kwa amri ya mahakama. Anayejibu kuwa ameachika ataulizwa amri hiyo iko wapi. Aliyefunga ndoa au kuivunja Unguja au Pemba atafuata hati za huko, kwa maana Sheria ya mwaka 1971 haitumiki Zanzibar.

Mwenye wake wawili hukutana na swali kama anakusudia kuishi katika ndoa ya mitala nchini Marekani. Nchi hiyo haimpokei mhamiaji mwenye nia hiyo, na kwa viza humtambua mke mmoja tu. Swali ni la nia, nalo lijibiwe kwa ukweli. Lakini jibu lolote litakalotolewa halifuti ndoa iliyokwisha kufungwa, wala halifuti watoto wa mke wa pili, ambao ni watoto wake na wataandikwa pamoja na wenzao.

MAKAZI NA KAZI

Fomu hutaka mahali pote alipoishi mwombaji tangu umri wa miaka 16, na kazi zake kwa miaka kumi iliyopita. Ni vema mwombaji aandike orodha hiyo kwenye daftari nyumbani, mwaka kwa mwaka, kabla ya kwenda kwenye kompyuta. Shule ya bweni ihesabiwe. Miaka ya kuishi Dar es Salaam kwa shangazi ihesabiwe. Kukaa nje ya Tanzania kutajwe kwa uangalifu, kwani mtu aliyeishi nchi nyingine kwa mwaka mmoja au zaidi, akiwa ametimiza miaka 16, hutakiwa kuleta hati ya polisi ya nchi hiyo.

Mkulima asiandikwe kuwa hana kazi. Alimaye mpunga bondeni, au miwa inayouzwa kiwanda cha sukari cha Kilombero, ana kazi na amejiajiri mwenyewe. Vivyo hivyo mvuvi, mama lishe na fundi cherehani. Akiandikwa hana kazi, kisha akaeleza katika mahojiano jinsi alivyowasomesha watoto kwa ekari zake za mpunga, maneno yake mawili yatapingana bila sababu.

JKT, MGAMBO NA SUNGUSUNGU

Fomu huuliza kama mwombaji amepata kutumikia jeshi. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Vijana waliohitimu masomo walilazimika kulitumikia hadi utaratibu huo uliposimamishwa mwaka 1994, nao ukarejeshwa mwaka 2013. Wako wengi katika bonde letu waliopita kambi ya Chita au nyinginezo, na hawajihesabu kuwa wanajeshi. Jibu la salama ni "Ndiyo", likifuatwa na maelezo kwamba ilikuwa huduma ya Taifa kwa mujibu wa sheria, mahali, mwezi wa kuanza na wa kumaliza.

Swali lingine huuliza juu ya kushiriki katika vikosi vya mgambo, vya ulinzi wa jadi au vya waasi, yote katika sentensi moja. Mchanganyiko huo huwashtua watu, nao hukimbilia "Hapana". Lakini mgambo na sungusungu ni ulinzi unaotambuliwa na sheria za nchi. Sungusungu walitambuliwa rasmi kwa sheria ya mwaka 1989. Aliyepata mafunzo ya mgambo, au aliyelinda kijiji kwa zamu usiku, aseme hivyo na aeleze kwamba alifanya hivyo chini ya uongozi wa kijiji au kata. Swali limewekwa ili kuwatambua waliowatesa au kuwaua watu, na anayeeleza ulinzi wake wa halali hana la kuogopa katika kusema kweli.

Aidha huulizwa ujuzi maalumu wa silaha, baruti, au mambo ya kibiolojia na kikemikali. Aliyefundishwa kutumia bunduki JKT au mgambo aseme. Mzee aliyefanya kazi ya kupasua miamba kwa baruti wakati reli ya TAZARA ilipojengwa, kati ya mwaka 1970 na 1975, katika sehemu ya Mlimba hadi Makambako yenye mahandaki, naye aseme. Fundi wa maabara aliyefuga mbu au kuchunguza vimelea vya malaria katika utafiti wa Ifakara, ambao chanzo chake ni maabara iliyoanzishwa mwaka 1957, aeleze kazi hiyo kwa maneno mepesi. Ni kazi ya heshima.

KABILA NA VYAMA

Kwa kuwa tangu Uhuru tumefundishwa kutotanguliza ukabila, wapo wanaoona swali la kabila kuwa ni mtego. Si mtego. Mndamba, Mpogoro, Mbunga, Mbena au Msukuma aandike hivyo, basi.

Kuhusu jumuiya na vyama vya hiari, waandikwe wote waliohusika na mwombaji: chama cha ushirika, SACCOS, VICOBA, kwaya, chama cha walimu. Swali la chama cha siasa ni jingine. Fomu huuliza juu ya chama cha Kikomunisti au cha kidikteta. Wazee waliokuwa wanachama wa TANU, au wa CCM iliyozaliwa tarehe 5 Februari 1977, wakati nchi ilipokuwa na chama kimoja kwa sheria hadi mwaka 1992, huuliza wajibu vipi. Chama hicho hakikujiita cha Kikomunisti, na kufanya kazi pamoja na mafundi wa Kichina katika reli si uanachama wa chama chao. Hata hivyo, mzee asiwe yeye wa kuamua jambo lifichwe. Akiulizwa, ataje chama, mwaka wa kujiunga na sababu yake. Sheria ya Marekani yenyewe ina msamaha kwa walioingia kwa kulazimika, au kwa sababu ya kupata kazi au riziki, au walioingia wakiwa chini ya miaka 16.

KUKAMATWA NA MARADHI

Panapoulizwa kama mwombaji amepata kukamatwa, neno ni kukamatwa, si kufungwa. Aliyelala mahabusu usiku mmoja na kuachiwa, aliyeshitakiwa akashinda, na aliyesamehewa, wote hujibu "Ndiyo" na kuleta hati za mahakama au za polisi. Ofisa ndiye anayepima uzito wa kosa. Yako makosa mengi madogo ambayo hayamzuii mtu kupata viza, lakini kosa dogo lililofichwa hugeuka kuwa kubwa.

Swali la maradhi ya kuambukiza huuliza hali ya sasa. Aliyeugua kifua kikuu zamani akatibiwa na kupona haugui leo, ila amweleze daktari wa uchunguzi historia hiyo na ampelekee karatasi za matibabu.

ALIYESAIDIA NA ALIYEKOSEA

Mwisho wa fomu huulizwa kama yupo mtu aliyemsaidia mwombaji kuijaza. Jina la msaidizi liandikwe. Msaidizi asomewaye maswali haya akumbuke kwamba hatakuwapo siku ya mahojiano. Atakayenyoosha mkono na kuapa kuwa majibu yote ni kweli ni mwombaji peke yake, awe ameyaelewa au hakuyaelewa. Kwa sababu hiyo, fomu isipelekwe mpaka mwombaji amesomewa kila jibu kwa Kiswahili, tangu mwanzo hadi mwisho, naye akabaki na nakala iliyochapwa.

Aliyekwisha kupeleka fomu na akagundua kosa asikate tamaa. Aombe ubalozi umfungulie fomu airekebishe, au amweleze ofisa mwenyewe mwanzoni mwa mahojiano, kabla hajaulizwa. Anayesahihisha mapema huhesabiwa kuwa alikosea. Anayengoja mpaka abanwe huhesabiwa kuwa alidanganya.

Wananchi wanaonywa pia juu ya vishoka wanaodai kuwa na majibu ya kupitisha fomu, au wanaoonyesha barua pepe za ushindi wa bahati nasibu. Serikali ya Marekani haimjulishi mshindi kwa barua pepe. Mwombaji hutazama matokeo mwenyewe katika tovuti rasmi.

KWA WATUMISHI

Watendaji wa vijiji na kata wanaoandika barua za utambulisho wanakumbushwa kuandika yale tu wanayoyajua kwa nafasi yao: kwamba mtu ni mkazi, na tangu lini. Tarehe ya kuzaliwa, ndoa na uzazi vina vyeti vyake. Mtendaji anayeandika kwa huruma kwamba mtoto wa ndugu ni mtoto wa kuzaa hamsaidii mwananchi. Anamkabidhi karatasi itakayompinga mbele ya ofisa asiyemjua, katika mji ulio mbali na Ifakara, akiwa hana wa kumsemea ila hati zake.